Pampu Iingie Tenkini au Ibaki Nje?

Mwaka 1961, Jaguar ilipoonyesha E-Type kwa mara ya kwanza jijini Geneva, watu walitazama pua yake ndefu. Wachache walijua kwamba ndani ya tenki lake ilizamishwa pampu ya umeme ya Lucas, ikizunguka katikati ya petroli. Enzi hizo hilo lilikuwa jambo geni, kwa kuwa magari mengi yalitegemea pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na kemshafti. Lakini toleo la lita 4.2 lilipotoka mwaka 1964, Jaguar ilikuwa imekwisha kuitoa pampu hiyo tenkini na kufunga ya SU, nje, mahali ambapo fundi anaifikia bila kumwaga mafuta. Miaka thelathini baadaye karibu viwanda vyote vikubwa vya magari vilikuwa vimerudi ndani ya tenki.

Ushindi huo wa viwandani haukumaliza mjadala kwa kundi moja la watu: wanaojiundia magari nyumbani. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa mjadala unatoka wapi. Mwenye Toyota au Nissan iliyotumika Japani amekwisha kumwona fundi akiinua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha duara, akachomoa pampu inayodondosha petroli, akarudisha nyingine, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Pampu inakaa tenkini; kuna nini cha kubishania? Ni kwamba katika Toyota ile tenki na pampu vilichorwa pamoja, kwa ajili ya gari moja. Anayejiundia gari hana bahati hiyo. Injini anaitoa huku, ekseli kule, na tenki analikunja mwenyewe kwa bati la alumini, au anampa mtu wa kulikunja. Kwa maoni yangu watu hawa hubishana sana juu ya pampu, ilhali kinachoamua ni tenki.

Uingereza ndiko mchezo huu ulikokomaa. Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa kwa wengi ikiwa vipande, maana gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi na vipande havikutozwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoingia Aprili 1973 faida hiyo ikafutika, na mwaka huohuo haki za kuitengeneza Seven zikahamia kwa Caterham. Gari halikufa. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichoahidi kwamba mtu anaweza kujitengenezea gari la namna hiyo kwa pauni 250: mabomba ya chuma ya mraba, upana wa inchi moja, mashine ya kuchomelea, na Ford Escort kuukuu ya kuchinja. Magari hayo, yaliyoitwa Locost, yakasambaa kutoka gereji moja hadi nyingine, na mpaka leo mtu akisema anaunda gari nyumbani huko Uingereza, mara nyingi ni kitu cha ukoo huo: viti viwili, uzito wa kilo mia tano na kitu au mia sita, na tenki jembamba lililobanwa nyuma ya viti.

Escort ile ya kuchinja ilikuwa na kabureta, na kabureta haina makuu. Kabureta ya Weber inaridhika na shinikizo la bar 0.2 hadi 0.3; ukizidisha, sindano inashindwa kufunga na petroli inafurika. Kwa kazi hiyo pampu ndogo ya nje inayotoa mlio wa tik-tik inatosha kabisa, na anayejenga gari la kabureta leo sioni sababu ya kumsumbua na tenki. Tatizo ni kwamba injini hizo zinaadimika. Bosch ilianza kuuza mfumo wake wa kielektroniki, D-Jetronic, kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, na kanuni za moshi za Ulaya zilizoshika kasi mwaka 1993 zikaiua kabureta kwenye magari mapya. Anayekwenda skrepu sasa hukuta Ford Zetec, Duratec, au injini ya Mazda MX-5. Zote ni za injekta, na zinataka bar 3 hivi. Tena ukaguzi wa Uingereza wa magari ya namna hii, IVA, ulioshika nafasi ya SVA mwaka 2009, hupima moshi kwa kufuata umri wa injini, kwa hiyo kuipachika kabureta injini ya karibuni ni kujitafutia matatizo mlangoni mwa mkaguzi.

Kutoka bar 0.3 hadi bar 3 ni mara kumi. Hata hivyo ugumu hauko kwenye kusukuma. Pampu za injekta husukuma kwa raha. Kinachozishinda ni kuvuta. Kusema kweli hakuna pampu inayovuta. Pampu hupunguza shinikizo mdomoni mwake, na hewa ya nje, inayoyakandamiza mafuta tenkini kupitia tundu la kupumulia, ndiyo inayoyapeleka huko. Nguvu yote iliyopo ni ya hewa, na hewa ya pwani inakandamiza kwa kilopaskali 101. Wala si zote za kutumia, kwa sababu petroli ikipunguziwa shinikizo kupita kiasi huchemka, hata ikiwa vuguvugu tu. Petroli ya majira ya joto, ikifika nyuzi 38, ina shinikizo la mvuke la karibu kilopaskali 60. Toa 60 kwenye 101, zinabaki 41. Hizo ndizo zinazogawanywa kati ya chujio, kona za bomba, mwinuko wa kupanda na mwendo wa mafuta yenyewe. Zikiisha, petroli inageuka mvuke mdomoni mwa pampu. Pampu inaanza kukata mvuke badala ya mafuta, inatoa mlio wa kusaga kokoto, na shinikizo la injekta linaporomoka.

Msomaji wa Nairobi ana sababu yake ya kuijali hesabu hii. Katika mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 82 hivi. Toa zile 60, zinabaki 22. Gari lilelile, pampu ileile, petroli yenye joto lilelile, limepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuvuta kwa kupanda tu kutoka Mombasa. Yeyote anayefikiria kuunda gari la namna hii kwenye nyanda za juu na kuiweka pampu mbele karibu na injini, kwa sababu nafasi ipo hapo, aikumbuke hiyo 22.

Pampu iliyozama inaiepuka karibu hesabu yote hiyo. Mdomo wake umo ndani ya mafuta, hakuna bomba refu la kuvutia, na uzito wa mafuta yaliyo juu yake unaisaidia kidogo. Kuanzia hapo bomba zima hadi mbele lina bar 3, na petroli iliyobanwa hivyo haichemki kirahisi. Mafuta yanaipoza mota, yanailainisha, na yanaumeza mlio wake. Kwa hoja za fizikia peke yake mjadala ungeishia hapa, na pampu ya ndani ingeshinda.

Hofu ya kwanza ya watu wengi, hata hivyo, ni moto. Mota yenye brashi zinazotoa cheche, kuzamishwa ndani ya petroli? Ukweli ni kwamba petroli haiwaki bila hewa, na mvuke wake huwaka tu ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya mchanganyiko. Ndani ya pampu hakuna hewa. Mafuta yenyewe yanapita katikati ya brashi. Na juu ya mafuta, ndani ya tenki lililofungwa, kwa hali ya hewa ya kawaida mvuke umejaa kupita kiasi cha kuwaka. Hatari halisi iko kwa mjenzi mwenyewe, siku anapoamua kutoboa na kuchomelea tenki la zamani ili kifuniko cha pampu kipate mahali. Tenki lililomwagwa mafuta ndilo baya kuliko yote. Mvuke uliobaki umechanganyika na hewa na unaweza kuangukia palepale kati ya 1.4 na 7.6, na kuosha kwa maji ya sabuni hakutoi dhamana yoyote. Kwenye jambo hili siamini katika njia za mkato. Tundu la pampu hukatwa na ukingo wake kuchomelewa tenki likiwa jipya, kabla halijanusa petroli. Tenki lililokwisha kutumika apewe mtaalamu mwenye vifaa vya kulisafisha, au linunuliwe bati jingine.

Tugeukie sasa umbo la tenki. Chukua la kawaida la gari aina ya Seven: upana sentimita 80 kutoka ubavu hadi ubavu, kimo 20, kina cha mbele-nyuma 25. Hiyo ni lita 40. Gari jepesi lenye matairi mazuri hukata kona kwa kani inayokaribia uzito wake wenyewe, na hapo uso wa mafuta tenkini hauwi mlalo tena. Unainama nyuzi 45. Sasa weka robo tenki, lita 10, na pampu katikati kabisa, kwa kuwa ndipo panapoonekana pa haki. Kwenye kona ndefu lita hizo 10 zote zinakimbilia upande mmoja na kufunika sentimita 30 tu za sakafu. Nusu mita iliyobaki ni kavu, na pampu, iliyo sentimita 40 kutoka ukutani, imo ndani ya ukavu huo. Ukifanya hesabu kurudi nyuma utakuta kwamba pampu ya katikati inaanza kufichuka mafuta yakishuka chini ya lita 15. Yaani zaidi ya theluthi ya tenki haitumiki kwa mwendo ambao gari hili liliundwa kwa ajili yake.

Katika gari la kabureta hilo halionekani sana, kwa sababu bakuli la kabureta lina akiba ya mafuta ya sekunde kadhaa. Injekta hazina bakuli. Hewa ikiingia kwenye pampu, shinikizo linaanguka mara moja, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, na hilo linatokea katikati ya kona, mguu ukiwa umekanyaga. Dereva anasikia injini ikimisi na kudhani ni plagi. Akiendelea hivyo, mchanganyiko ule mkavu chini ya mzigo unapandisha joto na kuleta mlipuko wa papara ndani ya silinda, na kutoboka kwa pistoni hakuko mbali. Pampu nayo inaumia, kwa kuwa kilainishi chake ni petroli ileile inayoikosa. Madereva wetu wa teksi wanaotembea taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima wanajua ladha ya jambo hili, ingawa kwao huja polepole.

Kwa hiyo kuitumbukiza pampu kwenye boksi tupu la alumini ni kutatua tatizo la kuvuta na kuliacha la kona kama lilivyokuwa. Kuta za ndani za kuvunja mawimbi husaidia, lakini kwenye kona ndefu mafuta yana muda wa kupita kwenye matundu yake na kujikusanya upande mmoja. Dawa ni kijifuko: chumba kidogo cha lita moja hivi kinachouzunguka mdomo wa pampu, chenye vilango vinavyoruhusu mafuta kuingia na kuyazuia kutoka. Kwenye magari ya kiwandani ni ndoo ya plastiki, nayo hujazwa na mrija mdogo unaotumia kasi ya mafuta yenyewe kuvuta mengine kutoka sakafuni. Ni uvumbuzi mzuri: pampu moja, kipande kimoja zaidi cha plastiki, na ndoo haikauki.

Jambo ambalo wajenzi wengi hulisahau ni bomba la kurudi, lile linaloyarudisha tenkini mafuta ambayo injini haikuyatumia. Injini ya kilowati 100, yaani nguvu farasi 134, ikikanyagwa hadi mwisho hunywa kama gramu 300 kwa kila kilowati kwa saa. Hizo ni kilo 30, au lita 40 kwa saa, au mililita 11 kwa sekunde. Mafuta ya ziada yakirudishwa ndani ya kijifuko, lita moja inatosha kwa sekunde 90, na hakuna kona ya sekunde 90. Yakirudishwa mahali popote pengine tenkini, kijifuko kinamwagwa kwa kasi yote ya pampu, si ya injini. Pampu ya lita 255 kwa saa inakimaliza kwa sekunde 14. Kijifuko kimoja, pampu moja. Tofauti ni mahali mrija wa kurudi unapoishia, na kuusogeza mrija huo hakugharimu kitu kabla kifuniko hakijafungwa.

Wapo wasiotaka kugusa tenki kabisa, nao wana hoja. Njia yao ni pampu mbili: ya kwanza, ya shinikizo dogo, inayatoa mafuta tenkini na kuyamimina kwenye chungu cha lita moja au mbili kilichofungwa nje; ya pili, ya bar 3, inakaa chini ya chungu hicho na kulisha injini. Pampu ya kwanza ikimeza hewa kwenye kona hakuna kinachoharibika, maana hewa inapanda juu ya chungu na kurudi tenkini. Nimeona mifumo ya hivyo iliyofungwa kwa ustadi, na kwa mtu ambaye tenki lake limekwisha kuchomelewa, kupakwa rangi na kufungwa, ndilo jibu la uaminifu zaidi. Lakini hesabu viungo. Pampu mbili, machujio mawili, chungu chenye midomo minne, klempu kila upande. Kila kiungo ni mahali pa kuvujia, na vyote viko nje ya tenki, ndani ya gari ambalo dereva na petroli wametenganishwa na bati. Mlio wa pampu mbili zilizofungwa kwenye chesisi ya mabomba pia si wa kubeza. Chesisi nzima inaimba.

Njia ya tatu ni kuhamisha kila kitu kutoka gari lililochinjwa: ndoo, pampu, geji na kifuniko chake. Wamarekani wanaonunua seti za kujiundia gari za Factory Five walifanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu gari lao lina nafasi ya kupokea hata tenki lenyewe la Ford Mustang. Hapo wajenzi walipata bure akili yote ya wahandisi wa kiwanda. Kwenye Seven haiwezekani kirahisi. Ndoo za kiwandani nyingi zilitengenezwa kwa matenki marefu, na tenki la sentimita 20 haliipokei ndoo ya 25. Wengine hukata chini na kulichomelea tenki kisima, shimo dogo linaloning'inia chini ya sakafu. Kisima hicho kinafanya kazi ya kijifuko pia, kwa hiyo ni wazo zuri, ilimradi kisiwe kitu cha kwanza kugusa tuta la barabarani. Ningeshauri mtu apime ndoo kwanza, kisha ndipo achore tenki la kuizunguka. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo fedha zinapopotelea.

Anayeshindwa kupata ndoo inayoenea hununua pampu ya dukani ya kufunga kwenye fremu. Hapa linaingia gonjwa la namba kubwa. Pampu inayotangazwa kuliko zote kwa wajenzi ni ya lita 255 kwa saa, na watu huinunua kwa sababu kubwa ni bora kuliko ndogo. Tumekwisha kuona kwamba injini yao inahitaji lita 40. Mustang ya V8 ya lita 5, yenye nguvu farasi 225, ilitoka kiwandani na pampu ya lita 88. Ile ya 255 kwenye bar 3 inakula kama ampea 8, na kwa volti 13.5 hizo ni wati 108, ambazo karibu zote huishia kuwa joto ndani ya mafuta. Lita 20 za petroli zina uzito wa kilo 15 hivi. Zikipokea wati 100 kwa saa nzima bila kupoa popote, zinapanda nyuzi 11. Ongeza joto ambalo mafuta ya ziada hulibeba kutoka juu ya injini kila yanapozunguka. Tenki dogo la alumini nyuma ya gari dogo linageuka kuwa birika, na petroli ya moto ndiyo inayochemka mdomoni mwa pampu. Mtu ameizamisha pampu ili auepuke mvuke, kisha ameutengeneza mwenyewe. Pampu ya lita 100 hadi 120 kwa saa ingemtosha na kubakisha akiba.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyowaaibisha watu. Mpira unaounganisha pampu na kifuniko umezama, yaani unaguswa na petroli ndani na nje. Mpira mzuri wa kawaida wa injekta ulitengenezwa kuguswa ndani tu. Ganda lake la nje huvimba, hulainika na kumeguka vipande vinavyokwenda moja kwa moja kwenye kichujio cha pampu. Unaotakiwa umeandikwa SAE 30R10, bei yake inaudhi, na kipande kinachohitajika ni kifupi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli haina huruma na mipira ya zamani. Ubaya wa mpira huu ni kwamba ukipasuka hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Mafuta yanavujia tenkini humohumo, shinikizo linapungua, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, na mwenye gari anabadilisha sensa tatu kabla ya kufungua kifuniko.

Nyaya nazo zina hila yake. Ganda la plastiki la waya wa kawaida wa gari likikaa ndani ya petroli hukakamaa na kupasuka. Tena petroli hupanda katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda, na kutokea upande wa pili wa kifuniko hata kama tundu la waya limezibwa kwa gundi ya aina gani. Ndiyo maana kiwanda hupitisha umeme kwa pini imara za chuma zilizozibwa kwenye kifuniko, na waya wa nje unaanzia hapo. Kifuniko chenyewe kinahitaji gasketi ya raba ya naitrili au Viton, na bolti zilizochomelewa kwenye pete kutoka chini, zisitoboe hadi ndani, maana petroli hufuata uzi wa bolti. Tundu la kupumulia liwe na vali inayojifunga gari likipinduka.

Upande wa umeme una mengi yanayojulikana, nami nitayapita haraka isipokuwa mawili. La kwanza ni unene wa waya. Betri iko mbele, pampu nyuma. Mita 4 kwenda na 4 kurudi za waya wa milimita mraba 1.5 zinapoteza karibu robo tatu ya volti kwa ampea 8. Pampu inayopungukiwa volti inapungukiwa mafuta, na upungufu huo huonekana mguu unapokanyaga hadi sakafuni. Rilei iwe karibu na pampu na waya wa 2.5 utumike, pamoja na ardhi inayoeleweka. La pili ni kuzimika. Mfumo wa L-Jetronic wa mwaka 1974 ulikuwa na kikato ndani ya kipima hewa: injini ikisimama, hewa haipiti, pampu inakatika. Kompyuta za sasa hufanya hivyo kwa kuangalia kama krenkshafti inazunguka. Mjenzi anayeunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya funguo, kwa kuwa gari lilikataa kuwaka siku ya kwanza na alitaka kuona tu kama ni pampu, ameondoa ulinzi huo, na waya wa majaribio una tabia ya kubaki hapo miaka. Swichi ya mshtuko kutoka Ford ya injekta iliyochinjwa ni ndogo na inakata umeme wa pampu gari likigonga kitu. Ifungwe.

Halafu kuna mlango. Pampu ya ndani itakufa siku moja, na magari mengi ya nyumbani yana tenki lililofunikwa na bati la mwili lililopigwa ripiti. Aliyelifunika hivyo atatoboa ripiti hamsini ili abadilishe kitu cha nusu saa. Kifuniko kidogo cha bati nyuma ya viti, chenye skrubu sita, kinaongeza gramu mia chache. Nawajua wajenzi wanaozihesabu gramu hizo kwa uchungu, na kwa haki, maana wepesi ndio gari lenyewe. Hapa lakini naona wanabana pasipostahili. Pampu ya nje ya Jaguar ya 1964 ilikuwa na hoja hiyohiyo: fundi aifikie kirahisi.

Kabla tenki halijafungwa kwenye gari kuna jaribio moja ambalo halihitaji barabara. Tenki huwekwa nje, uwanjani, mbali na cheche yoyote na mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, juu ya vipande vya mbao vilivyolishikilia kwa nyuzi 45, ubavu mmoja chini. Linatiwa lita 10, swichi na betri vinawekwa mbali na mvuke, na pampu inasukuma kwenye jerikeni kupitia mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, huku mafuta ya kurudi yakimwagika kijifukoni kama yatakavyofanya garini. Kisha tenki linageuziwa ubavu wa pili. Pampu ya lita 120 kwa saa, ikipimwa peke yake bila kurudisha kitu, inatakiwa kujaza lita 2 kwa dakika; ikitoa moja na nusu, tatizo ni waya au chujio. Mapovu yakionekana mrijani upande mmoja na yasionekane upande wa pili, kilango cha upande ule hakifungi, na bado mkono unaingia kupitia tundu la kifuniko kukirekebisha.